Upande wa Shufwa

Machi 6

Mvua imeanza. Imeanza kwa fujo, bila hata manyunyu ya kubisha hodi, na mimi nimefika kazini nimelowa chapachapa. Daftari hili nimepewa na dada yangu jana. "Andika humo hofu zako," akasema, "maana mimi nimechoka kuzisikiliza wakati wa kula." Dada ni mkunga, tunaishi wawili tu, kwa hiyo asiponisikiliza yeye zimebaki kuta. Haya, naandika.

Mimi ni mwoga. Siogopi simba wala wezi, hao hatujawahi kukutana. Naogopa namba. Kazi yangu ni kuiuliza kompyuta kuu maswali kuhusu viini vya atomu: protoni na nyutroni zimeshikanaje humo ndani, kwa nguvu kiasi gani, na ipi itachomoka kwanza. Kompyuta yenyewe inakaa kwenye ukumbi ulio chini ya jengo letu, makabati marefu safu kwa safu, yananguruma kutwa kucha, na hewa ya baridi inapulizwa kutoka chini ya sakafu. Fundi wa mitambo ya kupoza tunamwita Barafu. Anavaa koti la sufu mwaka mzima na hana mzaha na mtu.

Kiini cha msimu huu tumekipa jina la Mtoro, kwa sababu nyutroni yake ya mwisho imejishikiza kwa ncha ya kidole na wakati wowote inaweza kwenda zake. Hakuna aliyewahi kukipima vizuri. Profesa wetu ameshapeleka utabiri kwenye maabara ya vipimo, nao watakipima mwezi wa tano. Utabiri ule ni namba zangu mimi.

Machi 9

Mvua. Nimezikagua namba upya. Hazijabadilika. Kwa nini zibadilike?

Machi 13

Leo amepiga simu mkuu wa majaribio kule maabara. Sisi tunamwita Mama wa Vipimo, na yeye hutuita wanawe wote, hata Profesa.

"Mwanangu," akasema, "zamu hii nimeingoja tangu nina nywele nyeusi. Siku nilizopewa mwezi wa tano ndizo hizo hizo. Baada ya hapo wananikatia keki ya kustaafu, nakwenda kufuga kuku."

Nikamuuliza amejipangaje. Akanieleza kwa raha zake: watamrusha Mtoro kwenye bamba jembamba, apasuke, kisha wadake vipande. Nyutroni ile ikiwa imekaa ndani ya kiini kama tulivyotabiri, vipande vitatawanyika kwa upana. Kwa hiyo vigunduzi, vile vyombo vya kudakia, vinapangwa duara kubwa, na katikati linaachwa tundu la kupitishia miale.

"Na kama haijakaa hivyo?" nikauliza.

"Basi vipande vitanyooka na katikati, vipite vyote kwenye tundu, nami nirudi nyumbani mikono mitupu." Akacheka. "Lakini upande wa pili si mliuangalia?"

"Tuliuangalia, Mama."

Sikusema uongo. Tuliuangalia. Ila nimekata simu haraka kabla hajauliza lingine, na ngoja nieleze kwa nini, maana dada ameshindwa kuelewa hata baada ya mimi kuchora kwenye kitambaa cha meza.

Hali za kiini ziko makundi mawili yasiyochanganyika: kuna za shufwa na kuna za witiri. Ukiianzisha mashine upande mmoja, itazunguka humo humo hata ikipewa mwaka mzima, haitavuka kwenda wa pili. Kiini hukaa pale nishati ilipo chini zaidi. Na hatuwezi kukipa kiini ulimwengu mzima, kwa hiyo tunakipa uwanja mdogo, tunakokotoa, tunaupanua, tunakokotoa tena. Kila uwanja ukipanuka nishati inashuka, mpaka inatulia. Ilipotulia ndipo jibu lilipo. Vitabu vinasema Mtoro ni wa witiri, na wa witiri hutawanya vipande; wa shufwa hupitisha vyote katikati. Witiri tumeupanulia uwanja mpaka ukatulia tuli. Shufwa tuliuangalia kwenye uwanja mdogo tu, tukauona uko juu sana, tukaachana nao.

Sasa uwanja mdogo unajua nini?

Machi 14

Nimemuuliza Profesa. Ni mtu mkubwa, sauti kubwa, na akiingia chumbani hata viti vinajipanga. "Hatupotezi saa za mashine kwa chumba kisichokaliwa na mtu," akasema. "Kila kundi duniani linafanya hivi. Au wewe umegundua jambo?"

Nikasema sijagundua kitu. Nikatoka kinyumenyume kama ninayeaga msiba.

Machi 20

Mwisho wa wiki foleni ya mashine huwa nyepesi. Nimeweka shufwa kwenye uwanja wa pili, nikaiita kazi yenyewe "jaribio". Pengo kati ya shufwa na witiri ni saba, kwa kipimo chetu cha nishati. Shufwa iko juu, mbali kabisa. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze.

Machi 27

Uwanja wa tatu. Pengo nne na nusu.

Witiri haikutikisika. Shufwa ndiyo iliyoshuka. Ni kawaida kushuka, najiambia, kila kitu hushuka uwanja ukipanuka. Lakini inashuka haraka mno. Dada amenikuta nimesimama jikoni na sufuria tupu mkononi, akaninyang'anya.

Machi 28

Mvua kutwa. Ukuta wa ngazi za kwenda ukumbini umeanza kutoa jasho.

Aprili 4

Pengo mbili na kitu.

Nimekaa na karatasi, nimechora nukta tatu, nimepitisha mstari. Sitaki kuutazama mstari unakoelekea. Nimeigeuza karatasi juu chini, kisha nikacheka mwenyewe, kisha nikaogopa kicheko changu.

Barafu naye ana vita vyake. Unyevu umepanda ukumbini, vihisi vya kuupima vinapiga kelele kila saa, na mtaro ulio chini ya sakafu umeanza kujaa. Wakubwa wameambiwa. Wakubwa wamesema watakaa kikao. "Wakimaliza kikao chao watanikuta naogelea," akasema, na koti lake la sufu limefungwa mpaka kidevuni. Nilidhani ananichukia mimi. Kumbe anachukia maji.

Aprili 8

Profesa ameona foleni.

"Nani anakula saa zetu?" Sauti ilitangulia, mwili ukafuata. Nikasema ni mimi. Nikamwekea mezani ile karatasi yenye nukta.

Aliitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Umewahi kumwambia yule mama?"

"Hapana."

"Usimwambie. Mistari ya kuchora kwa mkono haipelekwi maabara. Niletee namba iliyotulia, usiniletee hofu zako."

"Uwanja unaofuata unahitaji mashine nzima, Profesa. Makabati yote, siku kadhaa."

Nilitegemea anifukuze. Badala yake akachukua kalamu, akaandika ombi la kupewa mashine nzima, akaweka sahihi. Kalamu ilikuwa inatetemeka. Nikadhani ni hasira. Alipomaliza akasema, bila kuninyanyulia macho, "Ukiwa umekosea, tutakuwa tumekula saa za watu wote bure. Unalijua hilo?"

Ninalijua. Sina ninalolijua zaidi ya hilo.

Aprili 12

Foleni. Mvua.

Aprili 15

Bado foleni. Mama wa Vipimo ametuma picha kwenye simu: vigunduzi vinafungwa, duara kubwa zuri linalometameta, na mafundi wawili wamesimama wanacheka. Chini yake ameandika, "Nyumba ya Mtoro hiyo, mwanangu!" Katikati ya duara lipo tundu. Nimelikuza kwa vidole mpaka likajaa kioo chote cha simu, nikaizima.

Aprili 17

Imeingia! Makabati yote ni yetu. Mngurumo umebadilika, umekuwa mzito, unausikia mpaka kwenye meno. Profesa alishuka kuangalia, akasimama mlangoni, akarudi juu.

Aprili 19

Naandika nikiwa kitandani, saa za jioni.

Asubuhi nilikuta kazi imefika mbali. Mashine haitoi jibu kwa mkupuo, inazunguka, na kila mzunguko namba inashuka kidogo. Ilikuwa imebakiza mizunguko michache. Nje mvua ilikuwa inapiga kiasi kwamba huoni jengo la pili.

Nikasikia Barafu anaita kutoka ukumbini. Nikashuka. Alikuwa amefungua vigae vinne vya sakafu. Nikachungulia. Kule chini, ambako siku zote kuna vumbi na baridi tu, palikuwa na maji, meusi, yametulia, yanang'aa kwa mwanga wa taa za makabati. Juu yake kidogo, upana wa kiganja labda, zilikuwa zimelala nyaya za umeme, nene kama mkono wangu.

"Pampu ya mtaro imemeza takataka," akasema. "Nikizitoa itavuta."

"Si uzime kwanza?"

"Nikizima, kazi yako inakufa. Na ukumbi ukishazimwa hauwashwi mpaka ukauke, na kwa mvua hii hautakauka leo wala mwezi huu. Umebakiza kiasi gani?"

"Mpaka adhuhuri."

Akapangusa pua kwa mkono wa koti. "Haya. Nashuka."

Na mimi, Mungu anisamehe, sikusema kitu. Nilisimama pale nikamwangalia akivua koti lile. Sijawahi kumwona bila koti. Ni mtu mwembamba, mabega kama ya mtoto wa shule. Akateremka kwenye tundu la sakafu kwa tumbo, mkono mmoja ukishika tochi, na maji yakamfika kifuani. Akaanza kutambaa kuelekea pampu. Nikawa naona nyayo za buti zake tu, kisha mwanga wa tochi tu.

Kwenye kioo cha kompyuta kilichoko ukutani namba ikashuka. Pengo moja. Ikashuka tena.

Ninajua jinsi ya kuogopa namba. Nimejizoeza maisha yangu yote. Lakini pale niliogopa kitu kingine kabisa, na hofu ile haikuwa na hesabu yoyote ndani yake. Nikasikia maji yakichapa, nikasikia Barafu anakohoa, nikauona uso wa maji umepanda, na waya mmoja ulikuwa umelegea katikati unaning'inia. Nikaita. Hakuitika. Nikaita tena.

Kitufe chekundu kiko karibu na mlango, kina kifuniko cha plastiki. Sikumbuki kukifungua. Nakumbuka kukipiga kwa ngumi.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Mashine yote, makabati yote, yakanyamaza kwa pamoja, ikabaki mvua tu na sauti ya mtu anayetukana chini ya sakafu.

"Nani kazima?" Barafu akatoka, maji yanamchuruzika. "Nilikuwa nimeshaishika! Nilikuwa nayo mkononi!"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Hukuitika."

Akageuka nyuma. Kisha akautazama ule waya, ambao sasa ulikuwa umegusa maji. Akaenda kukaa kwenye ngazi. Alijaribu kuvua buti, vidole vikamkatalia, nikamvulia mimi. Nikampa koti lake.

Namba ya mwisho kuandikwa: pengo nusu. Na ilikuwa bado inashuka.

Aprili 20

Ukumbi umefungwa. Profesa amesikia habari zote, na la kwanza alilouliza ni kama Barafu mzima. Nikasema mzima. Akashusha pumzi. La pili akauliza namba.

"Nusu," nikasema. "Haikumaliza kuzunguka."

"Nusu siyo sifuri. Kwa namba tulizonazo witiri bado iko chini. Utabiri unabaki ulivyo."

"Profesa, ilikuwa inashuka."

"Ikishuka ikaishia robo, je? Unataka yule mama abomoe kazi ya miezi kwa sababu ya mstari wako? Amebakiza zamu moja maishani. Moja! Usimpigie." Safari hii niliitazama mikono yake vizuri. Aliificha chini ya meza. Nimefanya naye kazi miaka yote hii nikimwona simba, na leo kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa kama mimi, tofauti ni kwamba yeye anaogopa kwa sauti kubwa.

Jioni nikamuuliza dada, "Mama akiwa anajifungua, dalili hazijakamilika, na wewe roho haitulii, unafanyaje?"

"Namwita daktari. Namwambia ninachokiona na nisichokiona."

"Na ukiwa umekosea?"

"Wananinunia." Akaendelea kukunja nguo zake za kazi. "Kununiwa kunauma, lakini nimeshazoea. Lile lingine sijalizoea mpaka leo."

Aprili 21

Nilishika simu, nikaiweka. Nikaishika, nikaiweka. Siku imeisha.

Aprili 22

Nimepiga. Nilisimama, kwa sababu ningekaa ningeiweka tena.

Nikamweleza yote. Tuliuangalia upande wa pili kwenye uwanja mdogo tu. Nimeupanua. Mashine imezimwa kabla haijamaliza, na nimeizima mimi.

"Una hakika?" akauliza.

"Sina, Mama."

"Profesa wako anajua unanipigia?"

"Anajua amenikataza."

Akaguna. "Unaelewa unaniambia nini? Nikivisogeza vigunduzi katikati, vya pembeni sina. Kama mlikuwa sahihi mwanzo, basi nitakuwa nimejifungia mlango kwa mkono wangu."

"Naelewa."

"Na unaogopa."

"Naogopa sana."

"Mimi pia umeniogopesha. Haya, nisomee hizo namba. Taratibu, naandika."

Nikamsomea. Saba. Nne na nusu. Mbili na kitu. Nusu, haijamaliza. Nilimsikia akizirudia kwa kunong'ona, moja baada ya nyingine. Kisha akasema atafikiria, na akakata bila kuniita mwanangu.

Aprili 23

Nimemwambia Profesa, "Nimempigia." Akainuka, akafunga dirisha lililokuwa linaingiza mvua, akarudi kukaa. "Toka," akasema, kwa sauti ndogo. Ingekuwa kubwa ningeizoea.

Aprili 30

Hanisalimii. Nikiingia anatoka. Barafu ananiletea chai kila asubuhi bila kueleza kwa nini, na ananikemea nikiiacha ipoe.

Mei 3

Picha kwenye simu, haina neno hata moja. Duara kubwa limevunjwa. Vigunduzi vyote vimesongamana katikati kuuzunguka mhimili wa miale, vimebanana bega kwa bega, na pembeni ni vyuma vitupu.

Amenisikiliza. Nilikuwa nimeomba anisikilize, na sasa amenisikiliza ndipo nimejua hofu ni nini. Nimeifunika simu mezani, nikajitia hamnazo.

Mei 7

Wameanza leo. Mvua imepungua. Hakuna habari.

Mei 8

Hakuna.

Mei 9

Hakuna. Dada amenifichia simu wakati wa kula, kisha akanirudishia mwenyewe, maana nilikuwa nautazama mlango wa kabati alimoiweka.

Mei 13

Simu ililia ofisini kwa Profesa, si kwangu. Nikaitwa. Alikuwa ameiweka mezani ili tusikie wote wawili, na alinionyesha kiti kwa kidevu, bila kunitazama.

"Mpo, wanangu?" Sauti ya Mama wa Vipimo ilikuwa imekauka kama ya mtu asiyelala. "Vimejaa katikati. Vipande vyote. Pembeni nilibakiza kigunduzi kimoja cha zamani kwa ajili ya moyo wangu tu, hicho hakikupata kitu. Ni shufwa. Lile tundu langu lingevimeza vyote, nisingejua hata nimekosa nini." Tukasikia analia, kisha anapenga kamasi, kisha anacheka. "Kuku watangoja. Nina kazi ya kuandika."

Alipokata, nilingoja furaha. Ilikuja, siwezi kusema haikuja. Profesa alikuwa anaitazama kompyuta yake. Ukumbi uliwashwa tena juzi, na mngurumo wake ulikuwa unapanda mpaka kwenye miguu ya meza.

"Viini vingine," akasema mwishowe. "Tulivyotoa miaka yote hii. Vingapi tulivikokotoa upande mmoja tu?"

Alikuwa anajua. Alitaka mtu mwingine aseme.

"Vyote," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Mikono ilikuwa juu ya meza, inatetemeka wazi, na safari hii hakuificha. Akasogeza kiti chake pembeni, akavuta cha pili, tukakaa wote mbele ya kioo.

"Tuanze na kipi?"

"Na kile unachokiogopa zaidi," nikamwambia.

Akavuta kibodi. Kisha akaandika, kwa vidole viwili, herufi baada ya herufi, jina la kiini kilichompa uprofesa, akachagua upande wa pili, na akabonyeza mwenyewe.